KITUFE KINACHOPIMA NGUVU YA KIDOLE

Wengi wetu tumecheza gemu za PlayStation 2, nyumbani ama kwenye vibanda vya kulipia. Lakini nikiuliza ni nani anayejua kwamba vitufe vya padi ile hupima nguvu ya kidole, sidhani kama mikono mingi itainuliwa.

Kwanza nendeni Biashara Street, mtaa wetu wa kanga na vikoi, mkamtazame fundi mwenye cherehani ya umeme. Akigusa kanyagio kidogo, sindano huenda taratibu. Akikandamiza, inakwenda mbio. Kanyagio lile si kama swichi ya taa, ambayo ni kuwasha na kuzima basi. Lenyewe hupima kiasi.

Padi ya PlayStation 2, iliyotoka mwaka wa 2000, ni vivyo hivyo. Chini ya kitufe kuna mpira unaopitisha umeme. Ukibonyeza kidogo, sehemu ndogo tu ya mpira hugusa njia za umeme. Ukikaza, sehemu kubwa hugusa na umeme hupita kwa wepesi. Mashine husoma nguvu hiyo kwa nambari, kutoka 0 hadi 255.

Katika Gran Turismo 3 ya mwaka wa 2001, kitufe cha X huongeza mwendo wa gari kwa kadiri unavyokibonyeza. Katika Metal Gear Solid 2 ya mwaka huo huo, ukiachilia kitufe cha kulengea bastola kwa ghafla, risasi hutoka. Ukiachilia polepole, bastola huteremshwa bila kufyatuliwa.

Jambo hili lilimponza mdogo wangu. Katika kibanda kimoja, aliachilia kitufe polepole na risasi haikutoka. Mwenye kibanda akasema, "Wewe umeua padi yangu!" Akamlipisha shilingi 300. Kumbe padi ilikuwa nzima, inafanya kazi iliyotengenezewa!

Mbona basi ufundi huu ukaachwa? Kanyagio la fundi hushuka mbali, mguu ukahisi. Kitufe hushuka kidogo mno, na kidole hakitambui kama kimebonyeza nusu au robo. Tena gemu nyingi hazikuutumia, maana zilichezwa pia kwenye mashine nyingine ambazo vitufe vyake havipimi. PlayStation 4 ilipotoka mwaka wa 2013, vitufe vya mbele viliacha kupima. Kazi hiyo ikabakia kwa L2 na R2 vya nyuma, ambavyo hushuka mbali kidogo.

Hata hivyo, PlayStation 2 ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na padi zake bado zinapita mikononi mwetu. Wahenga walinena, usilolijua ni usiku wa giza. Basi ndugu zangu, kabla hamjamlipisha mtoto wa watu, bonyezeni kitufe kile kile kwa ghafla. Kikiitika, mrudishieni pesa zake.