Kupunguza Mwili Si Kujinyima Chakula

Wapo miongoni mwa mama zetu na mabinti zetu wanaotaka kupungua kabla ya harusi, wakashinda kutwa kwa chai ya rangi. Tunawanasihi: mwili ni amana, nao una haki yake ya chakula.

Mnamo 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachunguza vijana 36 wenye afya. Kwa miezi sita walipewa takriban nusu ya chakula chao cha kawaida. Uzito ulipungua kwa kiasi cha robo, lakini nguvu ziliwaishia, mapigo ya moyo yakapungua kasi, baridi ikawatesa, wala hawakuwaza ila chakula. Walipoachiwa kula, wengi walikula kupita kiasi, na mafuta yakarudi kabla ya misuli.

Basi tupunguze bila ya kujinyima. Mahamri manne yawe mawili, sukari ya chai ipungue, wali uwe nusu ya ulivyozoeleka. Lakini samaki, pojo na mchicha visikosekane, na tutembee kila siku. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kisukari wamwone daktari kwanza.

Haraka haraka haina baraka. Wabillahi tawfiq.