Ugonjwa wa Sukari na Saa ya Kula Kazini



Jina la Nyamugari liko Gitega na liko Muyinga pia, na huku kote kazi zetu zafanana: kahawa, mashamba, jembe, mizigo ya kichwani. Tunawaandikia wa pande zote mbili habari ya ugonjwa wa sukari, maana umetuletea chamani kesi ambayo hatukuitazamia.

Msimu mmoja wa kahawa, mwenzetu wa kituo cha kuosha kahawa alikutwa saa mbili za usiku anatetemeka, jasho linamtiririka, na maneno yake hayashikani. Msimamizi akasema, "Huyu amelewa." Kesho yake akapewa barua ya kusimamishwa kazi. Tulipokwenda nyumbani kwake tukaonyeshwa vidonge vya glibenklamidi alivyoandikiwa na daktari. Siku ile alimeza asubuhi, akanywa chai kavu, akaenda kazini. Mchana hakula. Jioni kahawa ikafika kwa wingi, na kila mtu anajua kwamba buni zilizochumwa leo hazilali bila kumenywa. Basi akaendelea na mashine. Pombe hakuionja hata tone. Sukari ya damu ndiyo iliyomshuka.

Alikuwa ameuficha ugonjwa kwa kuogopa kufukuzwa. Twamwelewa, lakini kuficha huko ndiko kulikotaka kumfukuzisha.

Sasa tueleze jambo lenyewe. Ugali wa muhogo, ugali wa mahindi, viazi vitamu, mbatata, ndizi, wali na mkate vyote vina wanga. Wanga ukifika tumboni husagwa ukawa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama karani wa ghala: yeye ndiye anayefungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia mwilini ifanye kazi. Kwa mwenye ugonjwa wa aina ya kwanza karani hayupo, naye lazima achomwe sindano za insulini maisha yake yote. Kwa aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi zaidi, karani yupo lakini hatoshi, au milango imekuwa mizito. Sukari inarundikana nje: mtu anakuwa na kiu, anakojoa mara kwa mara, anachoka, na miaka ikipita macho, figo na miguu vinaharibika.

Wengi wetu tukisikia hivyo twasema, basi mgonjwa asile ugali. Wazo hili ni la zamani. Kabla ya insulini, madaktari wa Ulaya na Marekani waliwanyima wagonjwa chakula mpaka wakakonda kama vijiti, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini, kijana mmoja wa mji wa Toronto, alichomwa Januari 1922. Tangu hapo hakuna sababu ya kumshindisha njaa mwenye ugonjwa wa sukari, wala mtu wa jembe hawezi kulima kwa majani peke yake. Linalotakiwa ni kiasi, na saa.

Tuanze na kiasi. Gramu 100 za unga wa muhogo zina zaidi ya gramu 80 za wanga, yaani karibu unga wote ni wanga. Gramu 100 za kiazi kitamu kilichochemshwa zina kama gramu 20, kwa sababu sehemu kubwa ni maji. Maharagwe nayo yana wanga, lakini yana nyuzinyuzi nyingi na protini, hivyo sukari yake huingia katika damu polepole. Kwa hiyo maharagwe ni rafiki wa mgonjwa, nasi Warundi tunayo. Ndizi mbichi ya kupika huenda polepole kuliko ndizi mbivu. Kiazi kitamu cha kuchemsha huenda polepole kuliko cha kuchoma, ingawa cha kuchoma, twakubali, ni kitamu zaidi.

Wauguzi wengi hufundisha kwa sahani. Nusu ya sahani iwe mboga: lengalenga, kabichi, biringanya. Robo iwe maharagwe au ndagala. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au viazi, na kwa kuanzia mtu aweza kupima kipande cha ukubwa wa ngumi yake. Anayebeba magunia kutwa atahitaji zaidi ya karani anayekaa mezani. Hapo aulize kituo cha afya, apimwe damu, aone. Na kama nyumbani mnakula sinia moja, mgonjwa ajitengee fungu lake kwanza, maana katika sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani.

Kitu kinachodanganya zaidi ni cha kunywa. Soda tamu huwa na gramu 10 hivi za sukari, au zaidi, katika kila sentilita 10. Chupa ya sentilita 30 basi ni vijiko 6 vya chai au 7 vya sukari, na huingia katika damu mara moja. Tumeona mtu anayekataa ugali kwa ajili ya ugonjwa, kisha anashushia soda. Urwarwa nao una sukari yake, na kileo chake kina hatari nyingine: kinalizuia ini kutoa sukari ya akiba. Mwenye kutumia insulini au glibenklamidi akinywa bila kula, aweza kuanguka usiku akiwa amelala, na watu wa nyumbani wakadhani ni usingizi wa pombe.

Saa ndilo jambo linalotuhusu sisi wa chama. Mfanyakazi wa huku mara nyingi hushinda na kikombe cha chai, halafu usiku anakula mlima wa ugali. Kwa mgonjwa hayo ni mabaya mawili kwa siku moja: mchana sukari inashuka, usiku inapanda. Kidonge hakijui kwamba hakuna chakula cha mchana. Kinafanya kazi yake tu. Ugali ule ule ukigawanywa mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, humfaa kuliko kuulundika usiku. Lakini ataugawaje kama hapewi nafasi ya kula? Hapo si shauri la daktari tena, ni shauri la ratiba ya kazi. Wala mgonjwa asipunguze dawa kwa akili yake ili aweze kushinda njaa. Amweleze mwuguzi saa zake za kazi zilivyo, ili dawa na kazi vipatanishwe. Wanaotumia metfomini peke yake hawashukiwi na sukari kwa urahisi hivyo, lakini nao waimeze pamoja na chakula, tumbo lisiwasumbue.

Mkimwona mwenzenu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anakasirika bila sababu au anaongea ovyo, msiharakishe kusema ni pombe. Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ya soda tamu. Hapa soda ni dawa. Ngojeni dakika 15. Kama bado, mrudieni, kisha ale chakula. Penye mashine ya kupimia, chini ya miligramu 70 katika desilita moja ya damu ni kushuka. Aliyezimia msimtie kitu kinywani, atapaliwa. Mlazeni ubavu na mkimbizeni kituo cha afya.

Katika kesi ya mwenzetu tulipeleka kwa wakuu wa kazi cheti cha daktari na vidonge vyenyewe, tukaeleza kama tulivyoeleza hapa. Barua ilifutwa baada ya wiki tatu, ingawa mshahara wa wiki hizo bado tunaudai. Tuliomba pia nusu saa ya kula saa kumi na mbili za jioni wakati wa msimu, kwa wafanyakazi wote, wagonjwa na wazima. Walitoa dakika 20. Karani wa mizani, ambaye anajua hali yake, huweka sukari ya karatasi katika mtoto wa meza, upande wa kulia.