Pointi 5 tu: Venye Shujaa walishuka daraja London, na kwa nini "si walijaribu" haisaidii

Kuna kuchapwa na kuna kuchapwa. Timu yako ikipigwa 40 kwa nunge, unazima simu, unakula chapo zako, unalala. Lakini ile ya kukosa na kitu kidogo, manze, hiyo unalala nayo na unaamka nayo.

Hiyo ndiyo Shujaa walitupea tarehe 21 Mei 2023 pale Twickenham, London. Kanada 12, Kenya 7.

Mimi nilikuwa Kericho, kwa kibanda ya chai karibu na stage. Wasee kama kumi tumebanana kwa simu moja, bando tumechangia. Kipenga cha mwisho kikalia na hakuna mtu alisema kitu. Mathe wa kibanda akauliza, "Kwani mmefiwa?"

Karibu hivyo.

Cheki hesabu kwanza

Kama wewe si mtu wa raga, wacha nikuchoree. Raga ya wachezaji 7 inaenda dakika 14 tu, 7 kila nusu. Ukigusisha mpira chini nyuma ya laini ya wenyewe, hiyo inaitwa trai, pointi 5. Halafu unapewa teke la ziada, pointi 2.

Hilo teke si la kuweka mpira chini utulie kama penalti ya soka. Unauangusha, unadunda, ndio unapiga. Na unapiga ukiwa umelingana na pale trai iliguswa. Ukifunga katikati ya nguzo, ni mteremko. Ukifunga kule kona, omba Mungu.

Sasa soma tena 12-7. Kanada walipata trai mbili na teke moja. Sisi trai moja na teke lake. Trai moja zaidi, hata ya kona na teke likose, ingekuwa 12-12 na twende muda wa ziada, kule anayefunga kwanza ndiye ameshinda. Trai na teke lake, 14-12, tumeokoka.

Yaani tofauti ilikuwa mbio moja. Msee mmoja apate upenyo, sekunde chache hivi, basi.

Hiyo mbio ilikuwa ya bei gani?

Bei ya nyumba. Hiyo haikuwa mechi ya kombe, ilikuwa ya kuamua nani anabaki kwa World Series na nani anashuka. Kenya ilikuwa imekaa huko karibu miongo miwili. Hii ndiyo timu ilichukua Singapore 2016 kwa kutandika Fiji 30-7 kwa fainali. Mwaka huo huo Collins Injera akapanda juu ya kila mtu kwa orodha ya waliofunga trai nyingi zaidi kwa hayo mashindano.

Miaka saba baadaye, trai moja ikatupeleka Challenger, ngazi ya chini. Na ukishuka, mechi kubwa zinapungua, watu wanakuona mara chache, na mchezaji mwenye haonekani jina lake haliuzi.

Mizani haijui jasho

Wiki hiyo huku kwetu ilikuwa moto. Mashine za kuchuma chai zilikuwa zimechomwa, kila mtu anaongea kazi. Nikapeleka majani kituoni, na kwa foleni nikaambia mzee mmoja jirani, "Boiyo, tulipoteza, lakini si vijana walijaribu."

Akacheka. "Weri, hapa kwa mizani ushawahi kuona wakiandika jasho?"

Nikanyamaza. Unaeza amka saa kumi na moja, unyeshewe, mgongo ukatike, na mizani ikisema kilo 19, ni 19. Hakuna mahali pa kuandika "alijaribu sana."

Hiyo maneno ilinigonga kwa sababu nyingine. Mimi niliacha college juu ya balance ya fees. Haikuwa mingi. Watu wakaniambia vile vile, "si ulijaribu." Walimaanisha poa, najua. Lakini ilifanya nikae chini nijipe pole miezi mzima, wakati kitu nilifaa kuuliza ni: imebaki ngapi, na naitoa wapi?

Kupoteza kidogo kunauma zaidi juu uliiona. Lakini kuna kitu kimoja kunakupea chenye kipigo cha 40 hakikupei: unajua deni lako kamili. Kwa Shujaa, ilikuwa mbio moja.

Deni likalipwa

Septemba 2023, Harare, fainali ya Afrika. Kocha sasa ni Kevin Wambua, na mbele yetu ni Afrika Kusini. Matokeo: Kenya 17, Afrika Kusini 12. Toa hapo uone. Ni 5. Pointi zile zile tulikosa London zikatupea tiketi ya Olimpiki ya Paris 2024.

Halafu Juni 2024, Madrid, wakachapa Ujerumani 33-15 na kurudi kwa ligi ya wakubwa. Kibandani siku hiyo mathe hakuuliza nani amekufa. Aliuliza nani analipia chai.

Screenshot ya 12-7 bado iko kwa simu yangu. Siifuti. Na ya balance ya fees iko hapo chini yake.

Wewe je, yako imebaki ngapi?