Mstari Mweusi Usoni mwa Samaki

Ukifika jioni Minago, kwenye ufuko wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, utawakuta wavuvi wakitayarisha taa za kuvulia ndagala. Samaki ninayetaka kumzungumzia hawamfuati huko kilindini wanakokwenda. Anakaa kwenye maji ya magotini, penye majani na tope, hasa midomoni mwa mito. Ni mdogo, wa kutosha kiganjani, na ni wa ukoo mmoja na ngege na kuhe. Wanasayansi humwita Astatotilapia burtoni, kwa jina la Richard Burton, Mwingereza aliyelifikia Ziwa Tanganyika mwaka 1858.

Simama kimya umwangalie. Dume mwenye eneo lake amekolea njano au buluu, na mstari mweusi unashuka kutoka jichoni hadi kwenye taya. Amechimba shimo chini, na dume yeyote anayelisogelea anatimuliwa. Pembeni kuna madume wengine waliofifia, wasio na mstari, wanaoogelea kundini pamoja na majike. Usidhani ni watoto au wagonjwa. Wamekomaa, ila wamekosa eneo, na korodani zao zimesinyaa.

Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alimsoma samaki huyu kwa miongo kadhaa. Jaribio moja linanivutia kila nikilikumbuka. Mtawala wa tangi aliondolewa gizani, kabla taa hazijawashwa. Mwanga ulipokuja, dume wa chini aligundua kwamba kiti kiko wazi, na katika dakika chache tu mstari ukamjia usoni. Mwaka 2005 Sabrina Burmeister, Erich Jarvis na Fernald walionyesha kuwa muda huohuo jeni iitwayo egr-1 huamka katika sehemu ya ubongo inayosimamia uzazi. Siku zinazofuata, seli zinazotoa homoni ya GnRH hunenepa. Ni homoni hiyohiyo inayomwingiza mtoto wa binadamu katika balehe. Samaki akipokonywa eneo, seli zake husinyaa tena.

Kwa hiyo cheo cha kiumbe mbele ya wenzake huingia mpaka ndani ya seli za ubongo wake. Hilo ndilo linalonifanya nimtetee samaki huyu mbele ya yeyote anayeuliza faida yake.

Maabara nyingi zaidi, hata hivyo, hufuga samaki mwingine: samaki pundamilia, mwenye milia ya buluu, atokaye mitoni na mabwawani huko India na Bangladesh. George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon ndiye aliyemfungulia njia, kwa makala yake ya mwaka 1981. Kifaranga chake ni angavu kama kioo, hata seli za ubongo huonekana zikifanya kazi akiwa hai. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2013, takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zilikutwa zina wenza ndani yake.

Faida yake naiona hasa kwenye kifafa. Scott Baraban na wenzake huko San Francisco walitumia vifaranga wenye hitilafu kwenye jeni inayofanana na ile inayowaletea watoto kifafa kikali cha Dravet. Kifaranga anaogelea kwa kasi akizunguka, kisha anakakamaa na kulala ubavu. Mwaka 2013 walieleza kwamba walijaribu dawa 320 juu ya vifaranga hao, na klemizoli, dawa ya zamani ya mzio, ikatuliza degedege. Kazi hiyo kwa panya ingechukua muda mrefu na fedha nyingi.

Burundi inakijua kifafa. Utafiti uliofanyika Kiremba, kaskazini mwa nchi, ulikihusisha na tegu wa nguruwe, ambaye mabuu yake hujikita ubongoni. Hapo samaki hatusaidii kuzuia. Vyoo, mikono safi na nyama iliyoiva ndivyo vinavyozuia. Lakini degedege likishaanza, namna seli zinavyowaka zote kwa pamoja ni swali ambalo kifaranga angavu anaweza kulijibu.

Mwenye kifafa ana mzigo wa pili pia. Wapo wanaoamini kwamba povu lake linaambukiza, basi anaanguka motoni au ziwani huku watu wamesimama mbali. Anatengwa, haolewi, hapewi kazi mtumbwini hata kwenye matengenezo ya nchi kavu. Samaki wa Minago hawezi kusema mtu huyo anahisi nini, na nisingependa yeyote amsemeshe hivyo. Anachotuonyesha ni kwamba kushushwa na wenzako ni tukio la mwili pia, lenye homoni na seli, na kwamba nafasi ikirudi, mwili nao unaweza kurudi.

Samaki wa Stanford ni uzao wa waliovuliwa Tanganyika miaka ya 1970. Wamepita vizazi vingi ndani ya vioo, maji safi, taa za saa maalumu, bila ndege wa kuwanyakua. Kama mstari unawaka kwa kasi ileile kwenye maji ya Minago, ambayo mvua huyajaza udongo wa milimani, atakayejua ni mtu wa kukaa ufukweni alfajiri na wavu mdogo, saa na daftari.