Hapa umiliki ndiyo pointi zenyewe

SHABIKI aliyezoea kukaa jukwaani CCM Kirumba anaijua vizuri ile hasira. Timu ya nyumbani inapiga pasi, inatawala katikati, wageni wanapata shambulizi moja tu, wanafunga na kuondoka Mwanza na pointi tatu. Kwenye soka, umiliki wa mpira haulipi.

Kuna mchezo ambao unalipa. Ni Domination, moja ya aina za mechi ndani ya Call of Duty: Mobile, gemu la bunduki la kwenye simu lililotoka Oktoba 2019. Kulipakua ni bure, gharama ni bando na simu isiyochemka haraka.

Wanacheza watano kwa watano. Uwanjani kuna bendera tatu: A iko karibu na wanakoanzia hawa, C karibu na wale, B katikati. Simama kwenye eneo la bendera sekunde chache, ni yenu. Mkisimama wawili inakuja haraka zaidi, ila adui akitia mguu tu, zoezi linasimama. Ukiishaishika, inawaingizia pointi kadiri muda unavyokwenda, hata kama hakuna anayefyatua risasi.

Kuangusha adui hakuongezi kitu kwenye ubao wa timu. Aliyeanguka anarudi mchezoni baada ya sekunde chache tu. Hapo ndipo mastraika wa vijiweni wanapokwama: mtu anaangusha 30, anatamba na picha ya matokeo, kumbe timu yake imepigwa. Aliyeangusha wanane huku akiilinda B ndiye aliyecheza mechi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nyinyi mkishika mbili na wao moja, kila wakipata 10 mnapata 20. Mbili zinatosha kabisa! Tatizo tamaa. Mkivamia wote bendera ya nyumbani kwao, gemu haliwarudishi tena hapo mlipojaa, linawatupa upande wa pili, kwenye bendera yenu mliyoiacha wazi. Ni kama mabeki wote kupanda kona dakika ya 88 wakati mnaongoza 1-0.

Chukua ramani ya Crash, ambayo wakongwe waliicheza tangu Call of Duty 4 ya mwaka 2007. B iko kwenye helikopta iliyoanguka katikati ya mji, mahali peupe, madirisha ya ghorofa yanaitazama. Kujaza watu pale ni kujiuza. Kikosi makini kinaweka mmoja karibu, wengine wanashika majengo na kuziba njia, kazi ya kiungo mkabaji hasa.

Na yupo wa kubaki A. Hiyo ni kazi ya upweke, kama kulinda nyavu mwaloni Kirumba wakati wenzako wameenda mpirani. Ila lazima apatikane mtu. Mwenye mtandao wa kukatika-katika mpeni hiyo, msimweke B.