Mama Akifa: Machozi, Mwili na Tumaini



Labda unasoma karatasi hii ukikaa kwenye baraza ya hospitali, na mama yako yumo ndani kitandani. Labda umekwisha kumzika. Labda ulikuwa mbali, Lubumbashi au Kalemie, habari ikakufikia, ukapanda gari la moshi kupitia Kabalo na Kongolo. Lakini ulipofika Kindu ukakuta kaburi limekwisha kufunikwa.

Hakuna kidonge wala sindano ya kumrudisha mama. Lakini tunataka kukufundisha mambo mawili: namna ya kutunza mwili wako siku za matanga, na mahali pa kuuweka moyo wako.

1. Kulia si dhambi

Wengine husema kwamba Mkristo asilie, maana machozi yanaonyesha imani haba. Neno hili si la kweli. Soma Yohana 11. Bwana Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro saa ile ile. Hata hivyo alilia. Soma Mwanzo 23. Ibrahimu alimlilia Sara. Kisha akainuka, akanunua shamba la kumzikia. Alilia, tena alifanya kazi iliyompasa.

Sikiliza pia habari za mama mmoja Mwafrika. Jina lake Monika, mtu wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Kwa miaka mingi alimwombea mwanawe Augustino, aliyekuwa amepotea katika njia zake. Mwishowe mwana aliokoka. Mwaka 387 walikuwa Ostia, bandari ya Italia, wakitaka kurudi Afrika. Hapo Monika akashikwa na homa, na siku ya tisa akafa, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Zamani alikuwa ametaka sana kuzikwa kwao, karibu na mume wake. Lakini alipokuwa akiugua aliwaambia wanawe wasihangaike juu ya mahali pa kaburi; tena alikuwa amesema kwamba hakuna mahali palipo mbali na Mungu. Ewe uliyemzika mama mbali na kijiji chake kwa sababu nauli haikupatikana, neno hilo likutulize.

Na Augustino je? Alijizuia asilie, hata makaburini. Akaenda kuoga, akidhani maji yatamwondolea huzuni, haikutoka. Ndipo akalala usingizi. Alipoamka, uchungu ulikuwa umepungua kidogo, naye akalia mbele za Mungu, machozi mengi. Akapata pumziko. Mtu huyu alikuwa na elimu kubwa, akawa mwalimu mkuu wa Kanisa. Kama yeye alilia, nawe usione haya.

2. Utunze mwili wako

Huzuni haikai moyoni tu. Usingizi hukimbia, chakula hakina ladha, kifua kinabana, mikono haina nguvu. Hata nabii Eliya alichoka hata akaomba kufa. Soma 1 Wafalme 19. Kwanza Mungu hakumhubiri. Alimwacha alale, akampelekea mkate na maji. Akalala tena, akala tena. Basi, fanya hivi:

Kula kidogo kidogo, hata bukari na sombe kiasi cha mkono mmoja. Mama anayenyonyesha asifunge kula.

Watu wa matanga wakilala nje, wafunge vyandarua. Mbu wa malaria huuma usiku, wala hasikii habari za msiba.

Maji ya kunywa yachemshwe. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kipindupindu hupita kwa maji machafu, na matanga yenye watu wengi huweza kukieneza. Kama marehemu alikufa kwa kipindupindu, msimwoshe ninyi wenyewe. Waiteni wauguzi.

Mwenye kumeza dawa za presha, kisukari au kifua kikuu asiache hata siku moja.

Pombe usiifanye dawa. Hukulaza saa chache, kisha huzuni huamka pamoja nawe, na fedha zimekwisha.

3. Usimtafute mchawi

Mara nyingi kabla ya kaburi kukauka, mtu mmoja huanza kuuliza: “Nani amemla?” Kisha kidole kinaonyesha bibi mzee au mtoto yatima, naye anapigwa au kufukuzwa. Hivyo msiba mmoja umekuwa misiba miwili.

Afadhali umwulize munganga: “Mama alikufa kwa ugonjwa gani?” Jibu lake laweza kuokoa walio hai. Kama ilikuwa presha, ninyi watoto wake mpimwe, maana ugonjwa huo hufuata jamaa, tena mtu aweza kuwa nao asisikie maumivu yo yote. Kama alikufa kwa kutokwa na damu baada ya kuzaa, basi dada zake na binti zake wasizalie nyumbani.

4. “Laiti tungalivuka mapema”

Wako watu wa Alunguli wanaosema moyoni: “Laiti tungalivuka Lualaba jioni ile, tusingoje asubuhi.” Mzigo huu ni mzito kuliko jeneza. Pengine ni kweli mlichelewa. Pengine hata mngaliwahi, ugonjwa ulikuwa umemshinda. Sisi hatuwezi kukuambia. Lakini kama kuna kosa, lipeleke kwa Yesu, kwa sababu msamaha wake watosha hata kwa kosa hilo. Kisha uwaonye jirani: mgonjwa asingoje asubuhi.

5. Mama yuko wapi?

Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Tumaini letu si maneno ya kubembeleza mtoto. Ni hili: Kristo alikufa, akatoka kaburini, na walio wake atawafufua. Msalabani penyewe, katikati ya maumivu yake, alimkumbuka mama yake, akamkabidhi kwa mwanafunzi wake. Bwana wa namna hii hawezi kudharau machozi yako juu ya mama.

Ninyi kanisa, jifunzeni hapo. Siku ya mazishi nyumba hujaa watu; baada ya mwezi mmoja hakuna anayebisha hodi. Nendeni wakati huo. Pelekeni kuni, maji na chakula. Ketini, hata bila maneno.

Nawe uliyefiwa, miezi sita ikipita na bado huwezi kufanya kazi wala kulala, njoo utuone. Kama wazo la kujiua linakujia, usingoje hata siku moja: mwambie mtu sasa hivi, naye akulete hospitali. Si aibu. Mama aliyekubeba mgongoni angalitaka uishi.