Vibao vya Namba vya Zamani katika Magari ya Kale

Nchini Uingereza, gari lililotengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1980, na ambalo limesajiliwa katika kundi la magari ya kihistoria, laweza kisheria kubeba vibao vya namba vya mtindo wa zamani, yaani herufi nyeupe au za rangi ya fedha juu ya bamba jeusi. Magari mengine hayana ruhusa hiyo. Mtu aweza kudhani kuwa hili ni suala la mapambo tu, kumbe kiini chake kimo katika somo la nuru.

Taa za gari lijalo zikikimulika kibao cheusi, sehemu kubwa ya nuru hunywewa na weusi wake. Ile inayoangukia herufi hutawanyika kila upande, na ni kiasi kidogo mno kinachomrudia dereva. Kwa hiyo gari la kale lililoharibika njiani usiku, taa zake zikiwa zimezimika, huweza kutambuliwa wakati umekwisha pita wa kufunga breki.

Vibao vinavyorudisha nuru viliruhusiwa Uingereza mwaka 1968, na tangu tarehe 1 Januari 1973 vikawa vya lazima kwa magari mapya. Aghalabu chini ya uso wake huwa na tufe nyingi za kioo, kila moja ikiwa na kipenyo kisichofikia sehemu ya kumi ya milimita. Nuru iingiapo katika tufe hupinda, hukusanyika upande wa nyuma, huakisiwa hapo, kisha hutoka ikielekea kule kule ilikotoka. Dereva, ambaye macho yake yako karibu na mstari wa taa zake, hukiona kibao kana kwamba chawaka chenyewe.

Si kila kioo hufaa kwa kazi hiyo. Katika kioo cha kawaida mwendo wa nuru hupungua mara 1.5 tu, na miale hukutana nje ya tufe, umbali wa nusu ya nusukipenyo nyuma yake. Kama mwendo ungepungua mara 2, ingekutana barabara juu ya uso wa nyuma. Ndiyo maana hutumiwa kioo cha pekee chenye kipimo kinachokaribia 1.9. Wanafunzi wa kidato cha nne na waikokotoe hesabu hii wenyewe.

Huko Uingereza kinachoruhusiwa ni mtindo wa kibao. Namba yenyewe ni ile ile iliyomo katika daftari la usajili. Marekani kuna majimbo, California likiwa mojawapo, yanayomruhusu mwenye gari kutumia kibao halisi kilichotolewa mwaka wa gari lake. Hapo huzuka hatari nyingine, ya namba moja kubebwa na magari mawili, na kwa hiyo namba hukaguliwa kwanza. Tena si vibao vyote vilivyodumu. Mwaka 1943, chuma kilipohitajika vitani, jimbo la Illinois lilitoa vibao vya ubao laini uliotengenezwa kwa soya, na hadi leo husimuliwa kwamba mifugo ilivitafuna. Kwa maoni yangu kibao halisi kina thamani kubwa kuliko cha kuigiza, ilmradi mwenye gari ahakikishe kuwa taa inayokimulika kibao cha nyuma inafanya kazi.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani bila gharama kubwa. Chukua chupa ya maabara yenye tumbo la duara, uijaze maji. Weka karatasi nyeupe nyuma yake, kwa umbali unaokaribia nusukipenyo cha chupa, kwa kuwa kipimo cha maji ni 1.33 tu. Tia chumba giza, simama mbali kadiri chumba kiruhusuvyo, uishike tochi karibu na jicho na kuimulika chupa. Tumbo la chupa litang'aa. Kisha mpe mwanafunzi mwingine tochi hiyo, asogee nayo hatua mbili kando, nawe ubaki pale pale ulipo: mng'ao utatoweka machoni pako.